Maswali kwa Mwalimu: Wale wa miguu mirefu

Toleo lililopita niliandika mistari michache tu kuhusu yangeyange wanaoongozana na ng'ombe hapa Uyole. Sikujua nimechokoza mzinga wa nyuki. Barua na ujumbe wa simu vimekuja kutoka Igurusi, Mbalizi, Makambako, Mafinga, Matamba, hadi kwa dereva mmoja wa lori aliyeniandikia akiwa amepumzika Mtera. Wote wanauliza habari za ndege wa majini wenye miguu mirefu, basi safu ya mwezi huu nimewaachia wao.

Kwa msomaji mgeni: nilifundisha Baiolojia miaka 31 katika shule za Mbeya na Iringa, lakini ndege nilifundishwa kabla ya kushika daftari, juu ya dungu, katika mpunga wa baba yangu huko chini ya Chimala. Kazi ya mtoto ilikuwa kuamia. Unapanda dunguni kabla jua halijatoka, una kombeo na debe bovu la kupiga, na hushuki mpaka ndege wamekwenda kulala. Mtoto anayekaa hivyo miezi miwili kila mwaka hujifunza ndege atake asitake.

*Shikamoo Mwalimu. Nina majaruba manne Igurusi. Tangu nipandikize wanashuka korongo weusi wakubwa, siku nyingine thelathini kwa pamoja. Mdomo wao haufungi, una uwazi katikati. Jirani yangu anasema wanamaliza mpunga na amekwisha nunua sumu. Nifanyeje?*
— Mkulima, Igurusi

Marahaba, mwanangu. Nenda kwa jirani yako leo hii, umwombe aiweke hiyo sumu chini. Mengine yatazungumzika akishakubali.

Huyo ni korongo domo-wazi. Uwazi wa mdomo wake si ulemavu. Kifaranga huanguliwa na mdomo ulionyooka, na uwazi hujitokeza taratibu kadiri anavyokua. Ncha hukutana, katikati hapakutani, na mdomo mzima umeumbwa kwa ajili ya konokono. Anapapasa kwenye maji ya tope ambamo jicho halioni kitu. Akimgusa konokono anambana chini, anapenyeza ncha ya mdomo wa chini ndani ya ganda, anakata msuli uliomshikilia konokono humo, kisha anamvuta mzima mzima. Ganda hubaki bila ufa. Anakula na kome wa maji baridi kwa namna hiyohiyo.

Mimi hayo sikuyasoma kwanza, nilionyeshwa. Nilikuwa na miaka tisa, nikamrushia jiwe korongo mmoja kwa kombeo na nikampata ubawani. Baba alikuwa anazibua mfereji. Hakunipiga. Alinishusha dunguni, akanishika mkono mpaka kwenye tuta walipokuwa wamesimama wale ndege, akanionyesha rundo la maganda kwenye nyasi. "Hesabu," akasema. Nilifika arobaini na kitu nikachoka. Kisha akaokota suke la mpunga, akaniweka mkononi punje moja, akaniuliza: mdomo ule wenye pengo unaiokotaje hii? Sikuwa na jibu. Jioni ileile likaja wingu la kwelea kwelea, akanionyesha mwizi mwenyewe: ndege mdogo wa kufumbata mkononi, mdomo mfupi, mnene, wa kubanja punje. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu hakuna aliyeruhusiwa kurusha jiwe kabla hajatazama mdomo.

Sitakuficha ubaya wake. Miche iliyopandikizwa wiki hii haijashika, na ndege thelathini wakitembea humo wataikanyaga mingine na kuing'oa. Jirani yako ameona kweli miche imelala, ila hakujiuliza imelazwa na mguu au imetafunwa na mdomo. Kwa siku kumi za kwanza mweke mtu atembee juu ya tuta asubuhi na jioni. Korongo ni waoga, wataruka wahamie jaruba ambalo mpunga wake umesimama, na huko hawana madhara. Rudishia miche iliyolala. Baada ya hapo waache wafanye kazi yao.

Na kazi hiyo ina thamani kubwa siku hizi. Huko Mwea, Kenya, mwaka 2020 aligunduliwa konokono mgeni mwenye asili ya Amerika Kusini anayetafuna miche ya mpunga ikiwa bado laini. Konokono huyohuyo alikwisha kuenea Thailand miaka mingi kabla, na huko korongo domo-wazi wa Asia, ndugu wa damu wa hawa wako, anamla mashambani kila siku. Ndiyo maana nakuomba usimpoteze ndege aliyekuja mwenyewe na asiyedai ujira.

Kuhusu sumu nitasema kwa ukali kidogo, mnisamehe. Huko Bunyala, magharibi mwa Kenya, watu walitega konokono waliotiwa kabofurani, dawa ya wadudu ya shambani, wakawaua korongo domo-wazi kwa makundi, na nyama ikauzwa ikaliwa. Dawa ile hushambulia mishipa ya fahamu, na haitofautishi mishipa ya ndege na ya mtoto aliyekula mchuzi. Tena maji ya jaruba la jirani yako hayakai kwake. Yanashuka kwako, kisha yanarudi mferejini, na chini yako kuna mtu anayeyateka.

*Mwalimu, korongo, koikoi na yangeyange nawatofautishaje wakiwa angani? Wanafunzi wangu wa darasa la tano wananishinda.*
— Mwalimu mwenzako, Mbalizi

Tazama shingo. Koikoi na ndugu yake yangeyange, yule mweupe, wakiruka huikunja shingo nyuma, kichwa kikakaa karibu na mabega. Korongo huinyoosha mbele kama mtu aliyeshika mkuki. Yupo mmoja anayevunja kanuni, marabu, yule mwenye upara na mfuko kifuani, ambaye huruka ameikunja, lakini huyo watoto hawatamkosea kwa sura.

Neno "korongo" lenyewe linabeba mzigo mkubwa mno. Ukiacha lile la bonde lililochimbwa na maji, tunawaita korongo ndege wa koo mbili ambao hawana udugu wa karibu. Kuna wale wasio na sauti ya maana, wanaogonganisha midomo ka-ka-ka-ka na kujenga juu ya miti au miamba, kama domo-wazi. Na kuna wale wanaopiga mbiu ya kusikika ng'ambo ya bonde na kutaga chini kwenye majani ya kinamasi, kama korongo mwenye taji. Wafundishe watoto kusikiliza pia, maana nusu ya ndege hujulikana kwa sikio.

*Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili. Kwa nini goti la korongo linakunjika kwenda nyuma? Na kwa nini anasimama kwa mguu mmoja? Hachoki?*
— Mbeya mjini

Swali la kwanza utalijibu jikoni. Siku mama akichinja kuku, muombe mguu mzima kabla hajaukata. Juu kabisa, karibu na mwili, kuna paja. Linafuata lile pande nene mnalogombea mezani. Kisha unakuja mguu mkavu wenye magamba. Kiungo kati ya paja na lile pande nene ndilo goti, nalo linakunjika mbele kama lako. Kiungo cha chini, kati ya pande nene na mguu wa magamba, ni kifundo cha mguu. Kwa korongo, goti limefichwa ndani ya manyoya ya tumbo, huwezi kuliona. Kile unachokiona katikati ya mguu kikikunjika nyuma ni kifundo. Yaani ndege huyo muda wote anatembea kwa vidole, kisigino kikiwa juu hewani. Jaribu kuvuka chumba hivyo, utamheshimu.

Kusimama kwa mguu mmoja kuna sababu ya baridi kwanza. Wewe wa Mbeya unajua maji ya mfereji yalivyo asubuhi ya Julai. Mguu wa ndege hauna manyoya wala mafuta, kwa hiyo joto lingevuja humo lote. Mwili umelipanga jambo hili kwa ufundi wa kupendeza: mishipa inayoshusha damu ya moto na ile inayopandisha damu ya baridi imelala bega kwa bega, hivyo damu inayoshuka inampa joto lake mwenzake anayepanda kabla haijafika kwenye maji. Mguu unabaki wa baridi, kifua kinabaki cha moto. Hata hivyo joto kidogo hupotea, na akiuficha mguu mmoja ndani ya manyoya hupoteza nusu tu.

Ama uchovu, mwaka 2017 watafiti wa Marekani walichunguza miili ya heroe waliokufa, ndege wa waridi kama wale wa Ziwa Natroni. Waliukuta mwili wa heroe ukiwekwa juu ya mguu mmoja unasimama wenyewe bila kushikiliwa na msuli, na uzito wake unaufunga mguu mahali pake. Walipojaribu mkao wa miguu miwili, haukusimama. Kwa hiyo mkao unaoudhania wa adhabu, kama ule wa kusimamishwa nje ya darasa, kwake ni kitanda.

*Mwalimu, mwanangu wa miaka kumi amerudi machungani na kifaranga wa korongo mwenye taji. Kuna mtu amesema atatupa pesa nzuri. Mtoto anamlisha ugali na analia nikisema arudishwe. Je, anafugika?*
— Mama, Makambako

Huyu mama nilimpigia simu dakika ileile, maana kifaranga hawezi kungoja gazeti litoke kiwandani. Naandika kwa ajili ya wengine.

Nilimuuliza jambo moja tu: amechukuliwa lini? Akasema jana saa kumi jioni. Nikamwambia bado kuna nafasi. Korongo mwenye taji hutaga mayai mawili hadi manne kwenye jukwaa la majani katikati ya kinamasi, baba na mama wanalalia kwa zamu karibu mwezi mzima, na vifaranga huondoka kiotani wakiwa na siku moja au mbili, wakifuata wazazi kwa miguu. Hapo ndipo watoto wetu huwaokota, kwa sababu wanatembea na hawajui kuruka. Lakini wazazi hawaondoki mara moja. Hukaa eneo lile wakiita.

Nikamwambia amfunike kwenye kikapu chenye giza apoe, asimpe ugali tena wala maziwa, ampeleke jioni palepale alipookotwa, amweke kwenye majani marefu, kisha yeye na mtoto warudi nyuma mbali na wakae kimya. Saa moja usiku akanipigia. Alikuwa ananong'ona, ingawa alikwisha kurudi nyumbani. Walikaa nyuma ya kichaka cha miwati wakasikia sauti ya mmoja wa wakubwa upande wa pili wa kijito, na kifaranga akaitika. Wakaona majani yanatikisika yakielekea kule. Hawakuona zaidi ya hapo. Mtoto alisema, "Mama, alikuwa anajua jina lake."

Kama siku zingekuwa zimepita, jibu lingekuwa kwenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya, si kwa mtu mwenye pesa. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kukaa na mnyamapori nyumbani bila kibali, na mwaka 2016 Serikali ilisimamisha kusafirisha wanyamapori hai kwenda nje. Mnunuzi anayepita vijijini na tenga analijua hilo, ndiyo maana anapita jioni.

Tangu mwaka 2012 korongo huyu yumo katika orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini kutoweka. Majirani zetu Uganda wamemweka katikati ya bendera ya taifa, na hata huko anapungua. Vinamasi vinakaushwa, nyaya za umeme zinamgonga, na vifaranga vinauzwa. Ndege anayelea vifaranga wawili kwa mwaka hawezi kushindana na matenga.

Kuhusu kufugika: ndiyo, atakula mkononi mwako. Miaka ya themanini niliwahi kumwona mmoja kwenye ua wa nyumba moja Mbeya, amekatwa manyoya ya bawa moja. Alikuwa mzuri kuliko maua yote ya ua ule: taji la nyuzi za dhahabu, shavu jeupe, kifuko chekundu chini ya koo. Alitembea kando ya ukuta, akifika pembeni anageuka. Wenzake wawili walipopita juu, alinyoosha shingo akaita. Waliitika, wakazunguka mara moja, wakaenda. Aliendelea kuita mpaka chai ilipopoa kikombeni mwangu. Ndege hawa huoana mmoja kwa mmoja, na hucheza ngoma: wanainama, wanafungua mabawa, wanaruka juu, na hata kundi zima hujiunga. Nimewaona wakicheza kwenye malisho ya Mufindi alfajiri, umande ukiwarukia. Yule wa uani sikumwona akicheza, na mwenye nyumba alipoulizwa alisema hajawahi.

*Kamwene, Mwalimu. Juu ya mti karibu na kinyungu chetu, ile bustani yetu ya bondeni, fundi-chuma wamejenga kiota kikubwa kama gunia. Babu anasema tukikivunja nyumba itachomwa na radi, mjomba anasema tukikiacha kitaleta mikosi. Tushike lipi?*
— Kijana, Mafinga

Kamwene! Shikeni la babu, ingawa si kwa sababu ya radi. Fundi-chuma, yule wa kahawia mwenye kichwa kama nyundo, hujenga kwa maelfu ya vijiti, na kiota hufika upana wa mita moja na nusu. Kina paa, chumba kimesiribwa kwa tope, mlango uko upande wa chini ili nyoka na mvua wapate taabu. Mtu mzima anaweza kusimama juu ya paa lake lisibonyee. Anakula vyura na samaki wadogo wa kinyungu chenu, hagusi mahindi wala maharage.

Hofu ya mjomba nadhani ninajua ilikotoka. Fundi-chuma akihama, au hata kabla hajahama, bundi hupenda kuingia humo. Mtu akipita usiku, anamwona bundi anatoka kwenye ile nyumba ya vijiti. Basi sifa ya bundi ikamwangukia fundi.

*Salaam. Mimi ni mzee wa miaka 81, hapa Matamba. Kila mwaka mvua zinapoanza hushuka kwenye nyanda za juu korongo weupe wenye mabawa meusi mwishoni, miguu na midomo myekundu. Mvua zikikaribia kuisha wanatoweka. Marehemu baba alisema kiangazi wanalala chini ya maji ya Ziwa Ngozi. Nataka kujua ukweli kabla sijaondoka.*

Shikamoo baba. Barua yako nimeisoma mara tatu, na nimeiweka pamoja na vitu vyangu.

Marehemu hakuwa peke yake. Ulaya, ambako ndege hao hao huonekana kiangazi cha kule na kutoweka baridi ikija, wasomi kwa karne nyingi waliandika kwamba ndege wengine hulala usingizi mrefu mafichoni, wengine chini ya matope ya maziwa. Fikiria jambo hilo: mtu wa Ujerumani anawatafuta kwenye ziwa lake, na baba yako anawatafuta Ngozi, wote wawili kwa ndege walewale.

Kilichomaliza ubishi ni mkuki. Mwaka 1822, karibu na Klütz huko Ujerumani, alipigwa korongo mweupe mmoja akakutwa na mkuki umechoma shingo, umetokeza pande zote mbili, urefu wake karibu sentimita 80. Mti wake ulikuwa wa Afrika. Alichomwa huku kwetu barani, hakufa, akapanda angani na mkuki shingoni, akafika hadi nyumbani kwake kaskazini. Amehifadhiwa hadi leo katika Chuo Kikuu cha Rostock. Kila nikimfikiria yule ndege, koo langu linakaza. Baadaye, mwaka 1899, mwalimu wa shule huko Denmark, Hans Mortensen, alianza kuwafunga ndege pete nyepesi za alumini zenye namba, na kuanzia hapo safari zao zikaandikwa kama pasipoti. Sikuweza kuacha kutaja kwamba alikuwa mwalimu.

Kwa hiyo, baba, korongo wako wanazaliwa juu ya mapaa na nguzo za Poland, Ujerumani na nchi za jirani. Mwezi wa nane wanaondoka. Ni wazito, hawawezi kupiga mabawa safari nzima, hivyo hupanda juu ya hewa ya moto inayonyanyuka kutoka ardhini, wakizunguka kama mwewe, kisha wanateleza mpaka pale inaponyanyuka nyingine. Juu ya bahari hewa hiyo haipo, kwa sababu hiyo hawavuki Bahari ya Kati. Wanazunguka kupitia Istanbul, wanashuka hadi Sinai, wanaufuata mto Nile, wanaingia Afrika Mashariki. Wengine hupitiliza hadi Afrika Kusini. Wakifika kwenu mvua imeanza na wadudu wamefumuka, nao wanakula panzi na viwavijeshi. Wazee waliosema wanakuja na mvua walisema kweli. Wanaifuata kwa ajili ya kile inachokizaa.

Jambo moja dogo ambalo macho yako yanaweza kuthibitisha: siku ya jua kali, miguu yao myekundu itaonekana imepakwa chokaa. Hujisaidia juu ya miguu yao wenyewe, unyevu ukikauka unawapoza. Marabu naye hufanya hivyo, ndiyo maana miguu yake ya kijivu kila mara huonekana myeupe.

Ngozi, baba, ni shimo la volkano lenye kuta ndefu na maji ya kina. Ndege anayevua kwa kutembea hana pa kukanyaga pale.

*Mwalimu, naendesha lori barabara ya Iringa–Dodoma tangu 1998. Mtera kuna safari nakuta ndege weupe wamejaa mpaka naegesha nitazame. Kuna safari bwawa limejaa maji vizuri lakini ndege hakuna. Si ingekuwa kinyume chake?*

Kaka, umeona jambo ambalo wengi wanaokaa karibu na maji hawalioni.

Ndege hawa hawafuati wingi wa maji, wanafuata kina. Mguu wa kila mmoja ni kipimo chake. Yangeyange mfuata ng'ombe ana mguu mfupi kuliko wenzake, hukaa nchi kavu kwenye majani. Wadogo weupe wa majini husimama kwenye kina cha kiganja. Wa kati huenda mbele kidogo. Mbali kabisa, peke yake, anasimama koikoi mkubwa kuliko wote duniani, kichwa cha rangi ya kutu, kimo chake karibu mita moja na nusu, akisubiri samaki ambaye wengine hawamfikii. Bwawa likijaa, kingo zake zinakuwa na kina kirefu ghafla na samaki wanatawanyika. Ndege wanaliacha, wanakwenda kwenye mbuga zilizofurika maji haba. Maji yakianza kushuka, samaki wanabaki wamebanwa kwenye madimbwi, na hapo unapokuta karamu. Umati ule mweupe unaokusimamisha ni tangazo kwamba maji yanaondoka.

Kwa sehemu hilo ni jambo la kawaida la majira. Linalonikosesha usingizi ni lile la juu ya Mtera. Maji ya Ruaha Mkuu hukusanyika Usangu, yanapita kwenye kinamasi cha Ihefu, yanatoka hapo kuingia Hifadhi ya Taifa ya Ruaha kabla hayajakufikia wewe. Utotoni mwangu mto ule ulipita mwaka mzima. Kuanzia 1993 umekuwa ukikatika ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi, kiboko wanabaki kwenye matope. Sisi wa juu ndio tunaochepusha maji kwenye mifereji, nami mpunga huo ndio ulionisomesha, kwa hiyo nalisema hili nikiwa ndani yake. Majaruba yametupa korongo domo-wazi karibu na nyumba, lakini koikoi mkubwa hawezi kuishi jarubani. Anahitaji kina cha mto na dimbwi ambalo halikauki. Jaruba likiachwa liendelee kuingia maji mwezi wa tisa wakati mpunga umeshavunwa, maji hayo yamechukuliwa kwake, na banio, lile lango la mfereji, lingeweza kufungwa.

Ukisimama tena Mtera, nina kazi ndogo nakuomba. Mtafute huyo mkubwa, anayesimama peke yake, uangalie maji yamemfika wapi: kwenye manyoya ya tumbo, kwenye kile kifundo kinachokunjika nyuma, au kwenye vidole tu. Niandikie na tarehe. Nina daftari tupu la kurasa 200, ukurasa wa kwanza nimeshaupigia mistari.